Jinsi ya Kutambua na Kuainisha Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo Mwambani Mombasa

Mtoto wa Likoni au Kisauni huokota makombe kabla hajajua kuandika jina lake. Akikua akaenda shule, mambo hubadilika. Katika mtaala wa 8-4-4, biolojia ya kidato cha tatu ilishughulikia kwa undani faila mbili tu za wanyama, yaani makundi makuu mawili: Arthropoda, yaani wadudu, kaa, buibui na wenzao, na Chordata, yaani samaki, ndege na sisi wenyewe. Ndiyo maana wako watu wazima wengi hapa Mombasa waliofaulu mtihani vizuri ila hawajui kwamba kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, na jongoo bahari ni wa faila moja, au kwamba sifongo ni mnyama. Na wote hao wako hapo nje, mwendo mfupi kutoka feri.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, mwanafunzi, au yeyote anayetaka kushuka mwambani na kurudi akijua alichokiona. Jambo moja ningependa lishikwe tangu mwanzo: mnyama haainishwi kwa rangi yake, wala kwa mahali anapoishi, wala kwa kuliwa au kutoliwa. Huainishwa kwa jinsi mwili wake ulivyojengwa. Hata wakubwa wa elimu hii walichukua muda kulifikia hilo. Carl Linnaeus, katika toleo la mwaka 1758 la kazi yake kuu, aliwatupa karibu wote wasiokuwa wadudu wala wenye uti wa mgongo katika kundi moja aliloliita Vermes, yaani minyoo: pweza, konyeza, kiti cha pweza na nyungunyungu, wote humo. Jean-Baptiste Lamarck wa Ufaransa, kuanzia mwaka 1801, ndiye aliyelifumua fundo hilo kwa bidii, na ndiye aliyewapa wanyama hawa jina la jumla la wasio na uti wa mgongo. Wanyama hao ni zaidi ya asilimia 95 ya spishi zote za wanyama zinazojulikana.

Hatua ya 1: Tafuta siku ya bamvua

Usiende siku yoyote tu. Siku za maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na utaishia kutembea kwenye mchanga. Subiri bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, wakati tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Bamvua kubwa zaidi za mwaka huja karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba.

Pwani yetu ina bahati ambayo watu wa kwingine hawana: siku za bamvua, maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mara ya pili hutoka usiku saa kama hizo. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Tazama jedwali la maji la Kilindini, au muulize mvuvi yeyote, naye atakwambia bila kutazama karatasi. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kufikia chini kabisa, uyafuate yanavyotoka, kisha uanze kurudi mara tu yanapogeuka. Maji yanayorudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, na anayengojea mpaka yamfikie miguuni huwa amekwisha kuzungukwa.

Kuhusu msimu, kaskazi ni bora. Kuanzia Desemba hadi Machi bahari huwa tulivu na maji safi. Wakati wa kusi mawimbi huvurugika na hutaona chini ya kidimbwi vizuri, ingawa mwani mwingi hutupwa ufuoni na ndani yake hujificha wanyama wadogo wa ajabu.

Hatua ya 2: Chagua mahali na ujue mipaka

Ufuo wa Shelly, Likoni, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mwamba uko karibu na vidimbwi ni vingi. Nyali pana miamba inayobaki wazi. Kwa wanyama wa matope, nenda kwenye mikoko ya Tudor au Mtwapa, ambako kaa wadogo wenye gando moja kubwa hutoka mashimoni maji yakipwa. Mwenye gando hilo ni dume. Jike ana magando mawili madogo.

Mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ndani ya eneo la hifadhi kamili hairuhusiwi kuvua wala kuchukua chochote, hata kombe tupu. Nami nasema shika sheria hiyo hata nje ya mipaka. Kombe tupu ni nyumba ya kaa yule mwenye tumbo laini asiyekuwa na gamba la nyuma. Ukilibeba kwenda kupamba sebule, umemnyang'anya makazi.

Hatua ya 3: Jiandae, na ujue wanaodhuru

Vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, si ndara. Beba bakuli jeupe la plastiki, kioo cha kukuzia, daftari na penseli, maana wino wa kalamu hufutika ukilowa. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Kofia na maji ya kunywa ni lazima, jua la saa tano mwambani si la kuchezea.

Sasa sikiliza kwa makini. Konokono mwenye kombe la umbo la koni, lenye mwanya mrefu mwembamba upande mmoja na michoro ya kupendeza, asiguswe hata kidogo. Ana jino lililogeuka kuwa mshale wenye sumu, na anaweza kuufikisha karibu kila upande wa kombe lake, kwa hiyo hakuna mahali salama pa kumshikia. Baadhi ya spishi zake zimeua watu. Hakuna dawa maalumu ya kuizima sumu hiyo. Aliyechomwa atulizwe, kiungo kisitikisike, na apelekwe hospitali mara moja kwa sababu kupumua kunaweza kukoma.

Urchini wa miiba mirefu myeusi hujaa nyufani, na miiba yake hukatikia ndani ya ngozi. Loweka mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu hupungua. Konyeza akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga. Usishike pia mikeka ya vijinyama vya rangi ya kahawia vilivyofunika miamba kwa kubanana, kwani baadhi yao wana sumu kali. Na ukigusa chochote, usijifute macho kabla hujanawa.

Hatua ya 4: Tulia kwenye kidimbwi kimoja

Kosa la wageni wa mwambani ni kutembea sana. Chagua kidimbwi kimoja, kiwe hata kidogo kama bakuli, uchutame upande ambao kivuli chako hakitaangukia maji, na utazame dakika kumi bila kugusa kitu. Dakika za mwanzo hutaona kitu zaidi ya mawe na mwani. Kisha jiwe moja litatembea. Ua litajikunja. Nyuzi nyembamba zitatoka kwenye ufa na kupapasa mchanga.

Mtoto mmoja wa darasa la sita aliwahi kuniita, "Mwalimu, njoo uone, huku kuna nyoka!" Aliyemwona ni mmoja wa jongoo bahari warefu, laini, wenye urefu wa zaidi ya mita moja, akijivuta kati ya nyasi za baharini huku minyiri ya mdomoni ikifagia na kulamba. Nikamwambia, "Mtazame mdomo, mwanangu. Nyoka ana minyiri?" Akanyamaza, akatazama, akasema mwenyewe kwamba hana. Hapo alikuwa amekwisha kuanza kuainisha.

Ukigeuza jiwe, ligeuze polepole, utazame, kisha ulirudishe kama lilivyokuwa, upande uleule chini. Wanaoishi chini ya jiwe hufa wakiachwa juani, na walio juu hufa wakizikwa mchangani. Usigeuze tumbawe hai kwa hali yoyote.

Hatua ya 5: Uliza maswali ya umbo

Chukua mnyama mmoja. Swali la kwanza: mwili wake unaweza kugawanywa katika sehemu zinazolingana? Kama hauna mpangilio wowote, huenda ni sifongo. Kama unaweza kuukata kupitia katikati kwa njia nyingi na kila mara ukapata vipande vinavyofanana, kama unavyogawa chapati, ana ulinganifu wa mduara: konyeza, anemoni, polipu wa tumbawe (kinyama kimoja kimoja kinachojenga tumbawe). Kama kuna njia moja tu, inayotenga kulia na kushoto, basi ana kichwa na mkia na ana ulinganifu wa pande mbili. Hesabu pia. Sehemu tano zinazojirudia ni alama ya kiti cha pweza na ndugu zake.

Swali la pili: utumbo una matundu mangapi? Sifongo hana utumbo kabisa. Konyeza, anemoni na minyoo bapa wengi wana tundu moja, linaloingiza chakula na kutoa mabaki. Wengine karibu wote wana mdomo na njia ya haja. Kwa macho hutaliona jibu hili daima, lakini ukilikumbuka utaelewa kwa nini minyoo bapa wametengwa na nyungunyungu ingawa wote hutambaa.

Swali la tatu: mwili una pingili? Tazama kwa kioo kama kuna mistari inayouzunguka mwili wote kwa kujirudia.

Swali la nne, na ndilo ninalolipenda zaidi: nje amevaa nini? Gamba gumu lenye viungo, ambalo hulivua anapokua? Kombe la chokaa ambalo halivui bali hulipanua ukingoni? Ngozi yenye miiba na vijipande vya chokaa ndani yake? Au ngozi laini tupu? Swali hili peke yake litakutenganishia kaa, konokono na kiti cha pweza bila shida.

Hatua ya 6: Mweke katika faila

Majibu ukishayapata, mengine ni rahisi. Nitaanza na wale ambao mwili wao ni sahili zaidi.

Sifongo wako katika faila ya Porifera, yenye spishi zaidi ya 9,000. Hawana misuli, mishipa ya fahamu, moyo wala utumbo. Mwili umejaa vitundu vidogo vinavyoingiza maji, na tundu moja kubwa au zaidi la kuyatoa. Ndani kuna seli zenye mjeledi mmoja mmoja. Mijeledi hiyo hupiga, maji hupita, na chembe za chakula hunaswa. Kinachoushikilia mwili ni vijiti vidogo vya silika (madini kama ya kioo) au vya chokaa, au nyuzi laini. Mwaka 1907 mwanasayansi H. V. Wilson aliwakamua sifongo kupitia kitambaa cha hariri mpaka seli zikatengana, na seli hizo zikakusanyika tena zikawa sifongo. Mwambani Mombasa utawaona chini ya mawe na nyufani, wekundu, wa manjano, wa rangi ya chungwa au weusi. Ukitia tone la maziwa karibu na tundu kubwa, utaona yakisukumwa nje. Mnyama huyo amesimama palepale na kazi haijasimama.

Cnidaria ni faila yenye spishi zaidi ya 10,000, na kila mmoja wao ana seli za kuwasha zenye uzi uliojikunja unaofyatuka ukiguswa. Humu wamo konyeza, anemoni na matumbawe. Wengine huishi wakiwa polipu, wamejishikiza, mdomo juu; wengine huelea wakiwa medusa, mdomo chini; na wengi hupitia hali zote mbili. Kwa matumbawe, chukua kioo uhesabu minyiri ya polipu mmoja. Ikiwa ni minane, ni wa kundi la matumbawe ya minyiri minane, ambao wengi wao ni laini. Ikiwa ni sita, kumi na miwili au idadi nyingine ya sita sita, ni ndugu wa matumbawe magumu yajengayo mwamba. Vile vipande vyekundu vya mirija iliyopangwa kwa sakafu, ambavyo watoto huviokota ufuoni, ni mifupa ya tumbawe la minyiri minane lililojiwekea jengo gumu.

Hapa nitakaa kidogo, maana mji huu umejengwa kwa matumbawe. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekatwa kwenye mwamba wa matumbawe na kuta zake ni mawe yaleyale, na ndivyo zilivyo nyumba za Mji wa Kale. Kila polipu hutoa chokaa chini yake, akifa mwingine hujenga juu, na kwa maelfu ya miaka huwa jiwe. Lakini polipu hajengi peke yake. Ndani ya seli zake huishi mwani wa seli moja, unaomlisha kwa nguvu ya jua. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani huo hutolewa na tumbawe hupauka likawa jeupe. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Ukiona tumbawe jeupe kabisa, lisogelee utazame: likiwa bado na nyama inayong'aa, limepauka lakini ni hai, likiwa limeota mwani wa kijani, limekufa. Andika lipi uliloliona na tarehe.

Ctenophora ni viumbe wanaoonekana kama konyeza wadogo wasiowasha, wenye safu nane za vinyweleo vinavyometameta. Mwambani huwaoni mara nyingi. Nawataja kwa sababu wanasayansi bado wanabishana kama ni wao au ni sifongo waliojitenga kwanza na wanyama wengine wote.

Minyoo wamegawanyika. Platyhelminthes ni minyoo bapa: tegu wa utumboni yumo, na pia wale wazuri wa rangi wanaoteleza juu ya mawe. Nematoda ni minyoo mviringo isiyo na pingili. Iko kila mahali, mchangani, kwenye mizizi, tumboni mwa watu, lakini bila hadubini utaona wachache. Annelida ndio wenye pingili: nyungunyungu, ruba, na minyoo ya baharini yenye vishungi vya manyoya kila pingili. Wale wa manyoya meupe yanayong'aa usiwashike, manyoya hayo huingia ngozini na kuwasha. Wengine hujichimbia ndani ya tumbawe na kutoa nje vishada viwili vya rangi vinavyotoweka ghafla kivuli kikipita.

Mollusca ni faila kubwa, na Mombasa kila mtu anawajua bila kujua kwamba ni ukoo mmoja: konokono, koa, chaza, kome, ngisi na pweza. Wanaunganishwa na mwili laini, mguu wa misuli, na ngozi inayofunika viungo vya ndani na ndiyo inayotoa kombe. Kwa pweza, mguu umekuwa mikono minane na kombe limetoweka. Kwa ngisi, limebaki kipande chembamba ndani. Ukimshika kauri hai bakulini, subiri: atatoa ngozi laini pande zote mbili na kulifunika kombe lake lote. Ndiyo sababu kombe la kauri hung'aa hivyo, halikwaruzwi na mchanga.

Arthropoda unawajua: miguu yenye viungo na gamba linalovuliwa. Kaa, kamba na uduvi wamo baharini. Nchi kavu wamo wadudu, buibui, nge na jongoo. Kwa jongoo Mombasa ina kisa chake. Pale Bamburi, ambapo mawe ya matumbawe ya kale yalichimbwa kwa ajili ya saruji, upandaji wa miti ulianza mwaka 1971 chini ya René Haller, na mvinje ndio ulioota kwenye mwamba mtupu. Majani yake makavu hayakuwa yakioza. Walioleta udongo ni jongoo wenye miguu myekundu: walikula majani hayo, na mavi yao yakawa mboji. Leo ni msitu unaotembelewa na watu.

Echinodermata, wenye spishi 7,000 hivi, wote ni wa baharini. Kiti cha pweza, nyota wenye mikono myembamba inayokatika, urchini, jongoo bahari. Mgeuze kiti cha pweza ndani ya maji, utaona mifereji mitano na mamia ya vijimguu vya mirija vinavyojivuta na kupapasa, vikisukumwa na maji yaliyo ndani ya mwili. Baada ya dakika chache atajigeuza mwenyewe. Wakiwa wachanga, lakini, hawa wana ulinganifu wa pande mbili, na tundu la kwanza la kiinitete huwa njia ya haja, kama ilivyo kwa Chordata. Kwa hiyo jongoo bahari aliyelala mchangani ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu kuliko pweza mwenye macho na akili.

Na urchini wakiwa wengi kupita kiasi, uliza samaki wamekwenda wapi. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba kikande ndiye mlaji wao mkuu. Akivuliwa akaisha, urchini huzaana na kuguguna mwamba mpaka ukabaki mtupu.

Hatua ya 7: Jihadhari na wanaofanana

Hapa ndipo anayeanza hukwama, na ndipo ninapotaka utumie muda mwingi zaidi.

Sifongo na mnyama-mfuko. Vyote viwili ni vinundu laini vyenye rangi vilivyojishikiza mwambani. Mguse kidogo kwa ncha ya penseli. Sifongo hatatikisika. Mnyama-mfuko ana matundu mawili dhahiri, atayafumba, na huenda akakurushia maji. Huyo hana uti wa mgongo, lakini ni wa faila ya Chordata, faila yako wewe, kwa sababu akiwa mchanga huogelea akiwa na mkia wenye mhimili ndani yake.

Mnyoo bapa na koa wa baharini. Wote ni wembamba, wa rangi kali, wanajikunjakunja wakiogelea. Tazama mgongo upande wa nyuma: koa wengi wa aina hii wana kishada cha mashavu ya kupumulia kilichochanua, na pembe mbili kichwani ambazo huzirudisha ndani. Mnyoo bapa hana kishada, na pembe zake ni ukingo wa mwili uliokunjwa tu.

Tumbawe na tumbawe-moto. La pili lina rangi ya haradali na ncha nyeupe, na uso wake ni laini bila vile vikombe vya polipu unavyoviona kwenye tumbawe la kweli. Ni Cnidaria pia, ila yuko kwenye ngeli (kundi dogo ndani ya faila) ya Hydrozoa, na huwasha vibaya.

Kisha kuna vile vikoni vidogo vigumu vilivyogandamana kwenye nguzo za gati na matumbo ya mashua, ambavyo mabaharia hukesha wakivikwangua. Vina kombe la chokaa, havitembei, na hata Georges Cuvier, bingwa wa maumbile ya wanyama, aliviweka pamoja na konokono. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson aliwatazama wachanga wao wakikua, akaona ni ndugu wa kaa. Thibitisha mwenyewe: tia kipande chenye vikoni hivyo katika bakuli la maji ya bahari, usubiri, utazame kwa kioo. Kifuniko kitafunguka, na miguu yenye viungo na manyoya itatoka na kuyafagia maji. Mnyama amelala chali ndani ya nyumba yake na anajilisha kwa miguu.

Hatua ya 8: Shuka hadi spishi

Baada ya faila hufuata ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Huhitaji kuzifikia zote. Kwa sifongo, kufika kwenye ngeli tayari ni kazi nzuri, kwa sababu mara nyingi vijiti vyake lazima vitazamwe kwa hadubini. Kwa viti vya pweza na kauri, unaweza kufika mwisho.

Tuseme umempata kiti cha pweza mnene, wa kijivu, mwenye nundu nyekundu zilizounganishwa kwa mistari myekundu, kwenye nyasi za baharini. Mikono mitano na miguu ya mirija: faila Echinodermata. Mikono minene isiyotenganika waziwazi na kitovu cha mwili: ngeli Asteroidea. Kutoka hapo, picha na kitabu vitakuongoza hadi oda Valvatida, familia Oreasteridae, na jina lake kamili, Protoreaster lincki. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo, na ukiandika kwa mkono uyapigie mstari yote mawili.

Daftarini andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji, alikuwa juu ya nini, ukubwa kwa sentimita, na majibu ya maswali yako manne kabla ya jina. Chora, hata kama mchoro ni mbaya. Jicho huona zaidi mkono ukifanya kazi. Piga picha tatu: juu, chini na ubavuni, ukiweka penseli kando ili ukubwa uonekane. Picha ya juu peke yake huwaacha wataalamu wakikisia. Ukizipandisha kwenye programu ya iNaturalist, watu wanaojua makundi hayo watasaidia kuthibitisha, na rekodi ya mwamba wako itabaki. Jina usilolijua liache wazi na uandike faila tu, kisha urudi kwenye kidimbwi hichohicho bamvua ijayo.